Kikonyo cha Mpapai

Nodi ya mia mbili arobaini ilikuwa nyekundu tangu Jumatatu.
Bomba kuu inchi kumi na sita, tawi inchi nne,
na pale yanapokutana kompyuta ikapiga yowe:
asilimia mia na thelathini na mbili ya kinachoruhusiwa.
Kwa lugha ya nyumbani: patapasuka.

Dar wakaandika: lizungusheni tawi, liongezeeni kona,
mita kumi na mbili za chuma, nguzo tatu, zege.
Nikachungulia dirisha la kontena, hapa Madimba,
nikahesabu hatua hadi uzioni.
Nguzo ya tatu ingesimama kwenye mihogo ya Bi Nantende.

"Patapasuka," akasema Hokororo, fundi wa kuchomelea,
"mbona miaka tisa hapajapasuka?"
Sikumjibu. Swali likanikaa kooni kama mwiba wa changu.

Mimi mtu wa mistari.
Kwenye modeli yangu bomba ni mstari: halina tumbo, halina ukuta,
na tawi linaota katikati kabisa ya mstari ule,
limekazwa kwenye nukta, halipepesi.
Lakini chuma cha kweli hakina katikati.
Katikati mna gesi tu, inapita.

Tawi halikushika uti. Limeshika ngozi,
milimita tisa na nusu za ngozi
iliyotobolewa, ikachomelewa, ikapakwa rangi, ikasahauliwa,
nayo inabonyea, kidogo, kiasi cha unywele,
kila gesi ya moto inapolisukuma tawi kwenda magharibi.

Hokororo hakuyasema hayo.
Alitoboa chupa ya maji ubavuni kwa msumari wa moto,
akachomeka kikonyo cha jani la mpapai, kikakaa kikavu.
"Kipinde kwa urefu wa chupa."
Nikapinda. Kikagoma.
"Sasa kilaze upande."
Nikakilaza, na chupa ikaingia ndani
kama shavu la mtoto anayenyonya.
Kikonyo kizima. Hakikupata hata ufa.
"Chupa ndiyo imekikubalia," akasema, akaenda kunywa chai.

Basi nikairudia nodi.
Kutoka katikati hadi ukutani, kipande kigumu, kifupi.
Ukutani nikaweka springi: ngumu kwa urefu,
laini kwa upande, kama chupa ilivyonifundisha,
namba nikazitoa kwenye kipenyo na unene, si kwenye huruma.
Nikabonyeza. Umeme ukakatika,
hapa hapa, juu ya gesi inayowasha taa za wengine.
Nikasubiri jenereta gizani na chupa yangu.

Themanini na moja.

Ningepiga vigelegele, ila nilimwona mwenzake:
nodi ya mia mbili sitini na tano, egemeo la kwanza la tawi,
jana arobaini, leo sitini na tatu.
Mzigo hauyeyuki, jamani. Unahama,
unabisha hodi kwa jirani.

Saa saba mchana, kofia kichwani, nikaenda kumtazama jirani.
Egemeo limeliwa na kutu, limeachana na bomba,
na kwenye pengo mtu, sijui lini, sijui nani,
amekandamiza kipande cha mbao ya mkorosho.
Kimeungua upande mmoja. Kilikuwa kimebeba.
Miaka tisa, kwenye mahesabu yetu mazuri,
hapo palikuwa chuma.

Nikamwita Hokororo. Akachuchumaa, akakigusa,
akasema neno la Kimakonde ambalo sitaliandika.

Ijumaa Dar wakauliza: springi hii umeipata wapi?
Nikawatumia fomula, kurasa nne, na picha ya mbao.
Nguzo tatu zikafutwa. Egemeo moja likaagizwa.
Kuhusu mpapai sikuandika kitu.

Chupa bado iko mezani.
Kikonyo kimenyauka, kimelegea tunduni,
na kila jenereta inapowaka
kinatetemeka.